Usukani Uliofungwa kwenye Dawati

Voi,
Jumapili, 4 Mei 2025

Wakesho,

Tumekaa dawati moja miaka minne na sikuwahi kukuandikia chochote isipokuwa vikaratasi vya majibu ya hesabu. Sasa wewe unarudia kidato cha nne huko Taveta, simu hamruhusiwi, na mimi niko hapa Voi sina mtu wa kuongea naye. Basi ni barua. Nikiandika kama insha ya mtihani, nivumilie.

Nyumbani wananiuliza kila siku nitafanya nini. Mama anasema nisiwe na haraka, Baba anasema nisiwe mvivu, na wote wawili wanasema nikiwa nasikia. Asubuhi nakwenda kwa binamu yangu Ben, yule mwenye chumba cha gemu nyuma ya soko. Nafagia na kupanguza skrini kabla vijana hawajafika, na malipo yangu ni saa moja ya kucheza. Sitaki mpira wala za kupigana. Nacheza mbio za magari, kwa sababu Ben ana usukani.

Simaanishi vile vitufe vya mkononi, Wakesho. Ni usukani wenyewe, mweusi, ngozi imebanduka upande wa kushoto, umekazwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, na chini kuna pedali mbili, ya mafuta na ya breki. Ukikata kona, usukani unavuta mikono yako kama mbuzi anayekataa kuingia zizini. Ukipita kwenye mawe unatetemeka mpaka kwenye meno. Kuna barabara moja ya milimani, kona juu ya kona, bonde upande mmoja. Ben anasema hajaona mtu anayeishuka haraka kuliko mimi.

Na jambo la ajabu ni hili: nikiwa pale naongea. Hakuna anayenitazama usoni, wote wanatazama skrini, basi ulimi unafunguka. Juzi kijana anayeitwa Mwanzia alisimama nyuma yangu akasema, "Dada, kona hiyo utaingia mtoni." Nikamjibu bila kugeuka, "Wewe subiri zamu yako, mto niachie mimi." Mimi! Vijana wote walipiga kelele.

Lakini Ben anafunga mwezi huu. Amepata kazi ya mapokezi kwenye loji moja, na vitu vyote anauza, hata usukani. Nimejificha chooni nikalia. Usimwambie mtu.

Wako,
Nzembi


Taveta,
13 Mei 2025

Nzembi wee,

Barua yako imefika imefunguliwa. Madam deputi, naibu mkuu wetu, husoma zote kabla yetu, na alipofika hapo pa kulia chooni nadhani alicheka, kwa sababu alinikabidhi akiwa na uso wa sherehe. Kwa hiyo siri yako inajulikana na mimi, madam, na wasichana wanne wa chumba chetu ambao walininyang'anya.

Hawaamini kwamba mtu anayejibu wavulana ndiye yule Nzembi aliyekuwa anaomba ruhusa ya kwenda nje kwa kuandika kwenye karatasi.

Huku ni kitabu, maharagwe, kitabu. Nikifumba macho naona grafu. Safari hii lazima nipate ile alama ya uuguzi, kwa sababu Mama hawezi kunilipia mwaka mwingine tena. Unajua Mama. Anaongoza kwaya, anaongoza kikundi cha kina mama, na anatuongoza sisi kama kwaya ya tatu. Sasa ameamua kaka yangu Mwandawiro awe dereva. Kijana ana miaka ishirini na mbili, tangu amalize shule analimia watu mashamba huko Chawia, na Mama anasema mgongo wake utapinda kabla hajaoa. Mzee Josephat, jirani yetu mwenye pikapu, dereva wake ataacha kazi mwisho wa mwaka. Mama amekwisha mwambia asitafute mwingine. Yule ng'ombe mwekundu uliyemuogopa ulipokuja kwetu ameuzwa ili Mwandawiro asome udereva.

Huko Voi unajua shule nzuri? Uliza kwa niaba yangu. Najua kuuliza kunakutoa jasho, lakini uliza.

Rafiki yako,
Wakesho


Voi,
Jumamosi, 24 Mei 2025

Wakesho,

Huna haja ya kuniambia niulize. Nimeajiriwa kwenye shule ya udereva.

Mwenyewe anaitwa Bwana Kituku. Alifika kwa Ben siku ya kuuza vitu, akanikuta kwenye usukani, akasimama muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu msichana ana mkono mtulivu. Unaweza kuandika rejista?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ofisi yake iko juu ya duka la mbegu; ukisimama mlangoni unauona mlima Sagalla wote. Naandika majina ya wanafunzi, saa waliyofika, na walichojifunza siku hiyo. Pia nawasaidia wale wapya kuzoea usukani. Wengi ni watu wazima. Wananiita mwalimu, na mara ya kwanza niligeuka nyuma nione mwalimu yuko wapi.

Baba amenunua nyama jana usiku. Hakusema ni kwa sababu gani, lakini kipande kikubwa kilikuwa kwangu.

Soma sana. Salimia madam.

Nzembi


Taveta,
Jumamosi, 31 Mei 2025

Mwalimu Nzembi,

Nimepiga kelele mpaka matroni akaja na kiboko. Yaani umetoka kwenye gari la kuchezea ukaingia kwenye gari la kweli? Ni gari gani? Rangi gani? Unakaa kiti cha mbele na kumwambia mtu mzima "shika kushoto"? Nimemwomba matroni simu yake dakika mbili nikampigia Mama. Mama amesema, "Yule mtoto mpole wa Kikamba aliyeosha vyombo bila kuambiwa? Basi hapo ndipo." Hakutaka kusikia habari za shule nyingine. Anasema mtu asiyejua kuongea ovyo hawezi pia kudanganya.

Kwa hiyo Mwandawiro anakuja Jumatatu, atakaa kwa shangazi yetu hapo hapo Voi, mtaa wa Sofia. Mshughulikie. Ni mkimya kama wewe, mtakaa kwenye gari saa nzima mkisikilizana pumzi. Na uniandikie anavyoendelea, siyo "vizuri" na "vibaya", nataka habari kamili, kwa sababu yeye ukimuuliza atasema "niko tu".

Dada wa mwanafunzi wako,
Wakesho


Voi,
Jumapili, 8 Juni 2025

Wakesho,

Hakuna gari.

Nilipaswa kukuambia kwenye barua iliyopita. Sikukuambia uongo, lakini niliona jinsi utakavyoelewa, na nikaacha uelewe hivyo. Gari la Bwana Kituku liko gereji tangu Januari, limeinuliwa juu ya mawe, injini imetolewa. Aliyenunua usukani wa Ben ni yeye. Mimi nilichukuliwa pamoja nao kwa sababu hajui hata kuiwasha ile mashine. Ameukaza usukani kwenye dawati kuukuu la shule, na skrini iko juu ya kreti za soda. Pedali zinateleza kwenye saruji, tumezizuia kwa jiwe. Hilo ndilo gari letu.

Wanafunzi wanaambiwa gari litatoka wiki ijayo. Kila wiki ni wiki ijayo. Bwana Kituku anasema, "Kona ni kona. Hata marubani wanafundishwa chumbani. Lakini mkitoka hapa mseme gari. Mkisema gemu watu watacheka, na mimi nikifunga, nyinyi mtafundishwa na nani?"

Watu wanakubali, wamekwisha lipa. Kuna mama mmoja anauza mitumba, anaitwa Ndanu. Akigonga mti kwenye skrini anapiga kelele, "Uui, pole! Pole sana!" kisha anageuka kuniuliza kama mti umeumia. Tunacheka mpaka machozi. Siku kama hizo nasahau.

Mwandawiro aliingia Jumatatu na shati lililopigwa pasi. Akatazama dawati, akanitazama mimi.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo hii."

"Ng'ombe wetu ameliwa na hii?"

Alicheka, lakini peke yake. Kisha akakaa, kwa sababu aende wapi? Siku mbili aligonga kila kitu. Siku ya tatu mkono ulitulia. Sasa anashuka ile barabara ya milimani karibu kama mimi, na akimaliza anavuta pumzi na kusema, "Asante, mwalimu." Wengine wananiita mwalimu kwa utani. Yeye hafanyi utani.

Ijumaa aliniuliza, "Gari la kweli lina pedali tatu, sivyo? Hiyo ya tatu tutaijua lini?" Nikamwambia wiki ijayo. Wakesho, nilisikia sauti yangu ikisema kama Bwana Kituku. Mimi mwenyewe sijawahi kushika usukani wa gari lenye magurudumu.

Ameniomba nisikuambie. Alisema, "Mama amekwisha uza. Mwache aamini mpaka gari litoke gereji, halafu nitajifunza kwa haraka, hatajua." Nikasema sawa. Lakini wewe ni rafiki yangu, na Mama yako ametaja jina langu, kwa hiyo nakuandikia.

Mwambie Mama adai pesa zake. Mpeleke pengine.

Nzembi

(Hii sikuituma.)


Voi,
Jumanne, 10 Juni 2025

Wakesho,

Uliomba habari kamili. Kaka yako ni mwanafunzi bora kuliko wote kwenye rejista yangu. Anafika mapema, hachoki, haongei. Gari ni dogo, jeupe, la zamani kidogo. Wiki ya kwanza alikuwa na wasiwasi, sasa mikono imetulia kabisa. Jumamosi alishuka kutoka Wundanyi mpaka Mwatate, zile kona zote, bila kugusa ukingo hata mara moja. Bwana Kituku alisema kwa miaka yake yote hajaona mwanafunzi anayeshuka mlima hivyo.

Mwambie Mama asiwe na shaka. Mimi mwenyewe ningeweza kupanda gari analoliendesha Mwandawiro.

Nisamehe barua ni fupi, kazi ni nyingi.

Nzembi


Taveta,
Jumatano, 2 Julai 2025

Nzembi,

Nimerudi shule jana, na bado nina ladha ya nyumbani mdomoni. Siku nne za mapumziko ni kama kumwonjesha mtu mchuzi kisha kuondoa sahani. Mama alipika kimanga cha mihogo na maharagwe, nikala mpaka nikashindwa kusimama.

Nilimsomea Mama barua yako baada ya chakula. Nilipofika kwenye kona za Wundanyi akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena, safari hii polepole. Mwandawiro naye alikuwa amekuja kutoka Voi, amekaa pale pale, na hakuinua kichwa kwenye sahani. Nikamtania, "Angalia dereva anavyoona haya!" Akatoka nje kwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa tangu jioni. Nadhani wewe ndiye unayemfanya aone haya. Nimesema hivyo kwa sauti na Mama hakukataa.

Barua yako Mama ameichukua. Ameiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Anasema mtu akipata cheti anakiweka mahali asipoweza kukipoteza. Jumapili, watu walipotoka kanisani, aliwaambia kina mama wa kwaya kwamba mtoto wake ameshuka Wundanyi. Nilitaka kujificha, lakini sijamwona na furaha hiyo tangu Baba afariki.

Jumamosi hii wana mashindano ya kwaya pale Mwatate. Uwaombee, sauti ya tatu ni mbovu.

Nakupenda, mwalimu.

Wakesho


Chawia,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Nzembi,

Asante kwa kuja kumzika Mama. Nilikuona umesimama karibu na tangi la maji. Wazee waliposema mwalimu wa Mwandawiro aseme neno moja, ukatikisa kichwa kukataa, na watu wengine walinong'ona. Mimi nilielewa. Nimekujua miaka minne. Ndiyo maana nilikuja nikakushika mikono mbele yao wote na kukushukuru kwa ulivyomsaidia kaka yangu. Mikono yako ilikuwa baridi sana.

Siku ile hatukuweza kuongea, na najua umesikia mengi njiani, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea kama nilivyoambiwa na Jedidah wa kwaya, aliyevunjika mkono.

Dereva wa Mzee Josephat alikuwa amekwenda Mombasa kwenye matanga. Kwaya nzima ilikuwa imevaa sare, imesimama barabarani. Mzee Josephat akasema pikapu haitoki bila dereva. Mama akasema, "Mwanangu ni dereva." Mwandawiro alikuwa amekuja nyumbani wikendi. Akasema, "Mama, bado sijamaliza." Mama akadhani ni ule unyenyekevu wake. Mzee Josephat bado akakataa. Ndipo Mama akafungua kitabu cha nyimbo, akatoa barua yako, akampa Jedidah amsomee mzee pale pale. Mzee aliposikia kwamba kijana ameshuka Wundanyi na mwalimu wake yuko tayari kupanda gari lake, akatoa ufunguo.

Waliondoka kwa kurukaruka, gari likazimika mara mbili, watu wakacheka. Kwenye mteremko Jedidah alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Akagonga paa. Gari likazidi mwendo. Mwandawiro alikuwa anaita, "Breki! Breki!" Likapanda ukingo wa barabara, likapinduka kwenye matuta ya mahindi ya watu. Mama alikuwa mbele, upande lililoangukia.

Mwandawiro yuko hospitalini, nyonga imevunjika, na askari amekaa mlangoni. Walipomuuliza nani alimfundisha, alisema alijifundisha mwenyewe. Sijui kwa nini anasema hivyo. Baba mdogo anasema tukipata rejista ya shule yenye jina lake itaonekana kwamba alikuwa mwanafunzi, hakuchukua tu gari la mtu kwa ujinga. Wewe ndiye unayeiandika. Tafadhali mwombe Bwana Kituku ukurasa huo. Ni hilo tu naomba.

Wakesho


Voi,
Jumapili, 20 Julai 2025

Wakesho,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya tarehe 8 Juni. Isome hiyo kwanza. Nilikuwa nimeiweka chini ya godoro.

Sasa umeisoma.

Nitaandika mambo yalivyokuwa. Kaka yako alisoma siku ishirini na nne kwangu na hakugusa gari hata siku moja. Ile barabara aliyoishuka ilikuwa kwenye skrini. Sijui hata ni ya nchi gani. Gari dogo jeupe nilikuwa naliona kwenye picha iliyobandikwa ukutani. Wundanyi niliitoa kichwani mwangu. Bwana Kituku hakusema vile nilivyoandika kwamba alisema.

Nimemuuliza fundi wa gereji kuhusu ile harufu. Aliniambia kwenye mteremko mrefu dereva anaingiza gia nzito, injini yenyewe ndiyo inayoshika gari. Ukikanyaga breki njia nzima zinapata moto, kisha zinakataa. "Hata utingo anajua hilo," akasema. Mimi sikujua. Nilimfundisha Mwandawiro akanyage breki kidogo kidogo mpaka chini ya mlima, kwa sababu kwenye gemu breki hazipati moto. Alifanya kama nilivyomfundisha. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo sikudanganya.

Kuhusu rejista. Jumatatu ile baada ya ajali, Bwana Kituku alifika mapema kuliko siku zote. Usukani alikuwa ameung'oa, dawati lina matundu manne tu. Aliweka rejista mpya mezani na ile ya zamani kando yake. Hakunigombeza. Alisema, "Binti yangu, jina moja tu. Wewe mwenyewe ulikuwa unafundisha bila leseni, unajua? Wakija, watakuja kwako kwanza. Nakulinda." Nikanakili kurasa zote. Ilinichukua mpaka saa kumi. Kwenye namba kumi na nne, palipokuwa na Mwandawiro, niliandika Ndanu, na wengine wote nikawasogeza juu. Alisimama pembeni mpaka nikamaliza, kisha akaichoma ya zamani kwenye pipa nyuma ya duka la mbegu.

Nilifanya hivyo kabla ya mazishi, Wakesho. Uliponishika mikono nilikuwa nimekwisha fanya.

Alhamisi nilikwenda kituo cha polisi. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Afisa mmoja wa kike akaniuliza mara mbili, kwa upole, "Unasubiri nani?" Nilitaka kusema. Alikuwa ananitazama usoni. Nikamwambia nasubiri shangazi, nikaondoka.

Kwa hiyo nimekuandikia wewe. Kwenye karatasi naweza. Peleka barua hii popote unapotaka, nimeweka jina langu lote hapo chini. Siombi unisamehe. Naomba itumike kumsaidia kaka yako.

Jane Nzembi Nzioka


Chawia,
Jumatatu, 28 Julai 2025

Nzembi,

Nilifanya ulivyosema. Ijumaa mimi na baba mdogo tulipeleka kituo cha polisi cha Voi barua zako tatu: ile aliyokuwa nayo Mama, ile uliyoficha chini ya godoro, na hii ya mwisho. Afisa alizisoma zote bila kuharakisha. Kisha akatuambia tusubiri, akaenda mpaka kwa Bwana Kituku, akarudi na rejista.

Akazipanga mezani. Mwandiko ni mmoja. Barua ya kwanza inasema kaka yangu ameshuka Wundanyi. Ya pili inasema hakuna gari. Ya mwisho inasema alisoma siku ishirini na nne. Rejista inasema hakuwahi kufika. Afisa akaniuliza, na hakuwa anadhihaki, "Binti, zote hizi zimeandikwa na rafiki yako. Mimi nimwamini yupi?"

Baba mdogo alisema twende nyumbani.

Nilimuuliza Mwandawiro kwa nini aliwaambia alijifundisha mwenyewe. Akasema, "Angeitwa mbele ya watu aongee. Angekufa." Hayo ndiyo aliyokuwa anayafikiria kitandani, na mama yetu hajamaliza wiki kaburini. Bado anakuita mwalimu. Nimemsomea barua zote na bado anakuita hivyo. Nilitoka nje ya wodi kwa sababu ningempiga.

Nimehesabu siku. Barua zako hunifikia baada ya wiki. Hii ya tarehe 8 ungeituma, ningeipata tarehe 15. Ningempigia Mama siku hiyo hiyo. Angekasirika, angeshuka Voi na kitambaa chake cha kichwa amekifunga kwa nguvu, angemtukana Bwana Kituku mpaka watu wa sokoni wajae. Wewe angekugombeza kidogo, kisha angekuuliza kama umekula. Jumamosi ile kwaya ingekosa gari na kukosa mashindano, basi. Wangerudi nyumbani wakilalamika.

Uliyajua yote na ulijua kuyaandika. Hicho ndicho kinachonishinda. Ningemsamehe mtu asiyejua kusema. Lakini uliandika ukweli Jumapili, ukakaa nao siku mbili, kisha Jumanne ukachukua karatasi nyingine.

Sirudi shuleni. Mwandawiro akitoka hospitalini atahitaji mtu wa kumgeuza na kumwogesha mpaka kesi itakapoitwa, na hakuna mwingine. Madam deputi amenitumia vitabu vyangu kwenye gunia.

Tafadhali usiniandikie tena, hata kunipa pole. Unaandika vizuri sana. Nikisoma nitakuamini.

Cynthia Wakesho Mwakio